Yuniti Nne kwa Siku

Kompyuta yangu niliinunua kwa bwana mmoja aliyekuwa akifunga ofisi yake ya kutembeza watalii hapa Malindi. Ilikuwa ya mezani, kuukuu, kasha jeusi lenye feni inayokwaruza na skrini yenye doa la manjano pembeni. Niliipakata kwenye tuktuk kama mtoto mgonjwa. Ilipofika nyumbani mamangu aliitazama ikishushwa, akauliza swali moja tu.

"Na hii yala umeme kiasi gani?"

Nikamwambia ni kidogo. Sikuwa najua. Mtu mwenye akili angetafuta kujua siku ileile, maana si kazi ngumu, nami nitaeleza huko mbele jinsi inavyofanyika. Lakini nilikuwa nimetoka kwenye ndoa iliyonishinda, nimerudi kwa mama na sanduku moja na hasira tele, na kila aliyeniuliza jambo nilimwona ananichokoza. Nilimjibu ni kidogo, nikaenda kutafuta mahali pa kuchomeka.

Kazi yangu ni ya kusikiliza. Kuna kampuni ya ng'ambo hunitumia sauti za mikutano yao, nami huvaa visikizi masikioni nikaandika kila neno linalosemwa. Malipo ni kwa dakika ya sauti, si kwa dakika ya jasho langu, na dakika moja ya mtu anayetafuna maneno yaweza kunimalizia robo saa nzima. Nilikuwa nikianza saa mbili asubuhi na kuacha saa kumi na moja jioni, mlango umefungwa, feni ya dari inazunguka, birika la umeme liko sakafuni karibu na mguu wangu kwa ajili ya kahawa. Mwili ulikuwa Malindi na masikio yalikuwa Ulaya. Nyumba yetu ingeweza kuporomoka upande mmoja nami nisisikie.

Mamangu alikuwa na chumba chake upande wa pili wa ukumbi. Humo mlikuwa na kitanda chake, kasha lake la nguo, na friji ndogo iliyonunuliwa na kakangu kabla hajaenda Uarabuni kuendesha malori. Friji ilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ni barafu za ukwaju, ambazo mama alizigandisha kwenye vikombe vidogo akawauzia watoto wa madrasa wakitoka alasiri. Ya pili ni dawa. Mama alikuwa na sukari kwa miaka mingi, na kila asubuhi na kila jioni alijidunga sindano tumboni, akisema bismillahi kwanza kama anayeanza kula. Vichupa vya dawa alivikalisha kwenye rafu ya katikati, ndani ya kikombe cha kauri chenye ufa ambacho hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukigusa.

Maji ya friji mwenyewe hakuyanywa. Alisema yanamuumiza koo. Ukumbini palikuwa na mtungi wa udongo juu ya kigoda, na hapo ndipo alipochota maji yake ya kunywa, mchana kutwa, kama alivyofanya mamake. Nautaja mtungi huo mapema kwa sababu ulikuwapo siku zote, na mimi niliupita mara kumi kwa siku nikienda kuongeza maji kwenye birika.

Mita ya umeme iko hapo hapo ukumbini, ile ya kununua kwanza ndiyo utumie. Unatuma pesa kwa simu, unaletewa namba ishirini, unazibonyeza, nayo inakuhesabia yuniti zako kwenda chini. Zikikaribia kwisha hulia. Ni mlio mdogo wa kuudhi, nao huwapata wenye nyumba wote sawasawa, isipokuwa aliyeziba masikio.

Sasa nifike kwenye uongo.

Kaka alipiga simu Ijumaa moja baada ya swala, kama kawaida yake. Tulikuwa tumekaa ukumbini, mimi na mama, yeye anachambua mbaazi kwenye uteo. Niliweka simu kwenye mkeka, sauti juu, ili sote tusikie. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, akamjulia mama hali, akauliza habari za watu wa mtaani mmoja mmoja. Kisha akanigeukia mimi.

"Nasikia umeme wawasumbua. Hiyo kompyuta yako yala kiasi gani?"

Wakati huo nilikuwa nahangaika. Mtandao nilikuwa nanunua kidogo kidogo, kiuno kilikuwa kinaniuma kwa kukalia kiti cha plastiki, na malipo ya ng'ambo yalikuwa yakichelewa. Nilijua kakangu ni mtu ambaye ukimwomba pesa ya kiti atakuuliza kwa nini usikalie mto. Lakini umeme ni kitu chenye namba, na mtu wa mbali hawezi kuja kuitazama mita.

"Yuniti nne, kaka," nikasema. "Nne kwa siku. Kuna siku hufika tano."

Namba hiyo sijui niliitoa wapi. Ilinijia mdomoni ikiwa tayari imevaa nguo. Nikamsikia kaka anahesabu kwa pumzi. Yuniti moja, ukitia na kodi zake, ilikuwa haipiti sana shilingi ishirini na nane. Nne kwa siku kwa mwezi mzima ni elfu tatu na mia kadhaa. Akasema, "Nzito, wallahi. Lakini kazi ni kazi. Nitakuwa natuma elfu tatu na nusu kila mwezi, ya kompyuta peke yake. Labda Idi hii sitaweza kuja, tiketi zimepanda, lakini kazi yako isilale."

Mama aliacha kuchambua. Mbaazi zilikuwa zimejaa kiganja chake na hakuzitia kwenye bakuli. Nilidhani amesikitika kwamba mwanawe hatakuja Idi. Alikuwa amesikitika, lakini pia alikuwa anaihifadhi ile namba. Mama hakujua hesabu za watu waliosoma, ila namba za matumizi ya nyumba hazikumpotea. Na alikuwa mtu asiyesema uongo hata wa mzaha. Muuza ukwaju aliwahi kumzidishia chenji ya shilingi hamsini, naye akarudi sokoni kwa miguu, jua la saa saba, kwenda kuirudisha. Mtu wa namna hiyo akiambiwa nne, kwake ni nne.

Pesa zikaanza kuja. Mwezi wa kwanza nilinunua kiti cha ofisi, cha magurudumu, chenye mgongo mrefu na kitambaa cheusi. Mwezi wa pili nililipia mtandao wa kukaa, usiokatika. Nilichobakisha ndicho nilichonunulia umeme, na mara nyingi hakikutosha, kwa hivyo mita ililia zaidi ya ilivyolia kabla kaka hajaanza kutuma. Niliona ajabu kidogo, nikasema moyoni ni joto, ni feni. Mama yeye hakuona ajabu. Aliposikia mita inalia alijua ni nani anayekula.

Siku moja ya Kaskazi, joto limetukaba, umeme ukakatika saa sita mchana. Yuniti zilikuwa zimekwisha. Nilikuwa nimeandika dakika arobaini za mkutano na sikuwa nimehifadhi. Nilitoka chumbani kama mwendawazimu. Mama alikuwa amesimama mbele ya mita, mkono kifuani.

"Ililia tangu asubuhi, mwanangu," alisema. "Nilibisha mlango, hukusikia."

"Ungeuvunja!" nikamwambia. Nilimpigia kelele mamangu, naandika hivyo kama ilivyokuwa. "Kazi hii ikiniponyoka tutakula nini humu ndani? Barafu za ukwaju?"

Alikwenda chumbani kwake akafunga mlango pole pole. Nilinunua yuniti, nikaanza upya zile dakika arobaini, na jioni nikamletea mkate wa sinia kutoka kwa jirani. Hatukutaja tena yaliyopita. Nilidhani yamekwisha kwa mkate.

Baada ya hapo mama aliacha kuuza barafu. Watoto wa madrasa walikuja wakabisha, akawaambia mikono inamuuma, hawezi tena kukamua ukwaju. Nilimwambia vizuri, apumzike. Akaanza pia kununua samaki wa kupika siku ileile, tena mmoja mmoja, na mchuzi uliobaki aliwapa paka. Niliona yote hayo. Niliyaona na nikayapa maelezo, kila moja lake, kama anavyofanya mtu asiyetaka kuinuka kitini. Usiku nilipopita mlangoni kwake nilisikia friji inanguruma kwa nguvu, bila kupumzika, nikasema imezeeka, iko siku itatutoka.

Kisha sukari yake ikaanza kupanda. Alikuwa na kipimo chake kidogo cha kutoboa kidole, na namba alizokuwa akinisomea kila Jumapili zilikuwa zimekuwa namba za kutisha. Alikojoa mara kwa mara, alikonda, macho yalimfanyia ukungu. Dawa alijidunga vile vile, asubuhi na jioni, bismillahi. Mimi nikapata jibu langu. Nikamwambia anakula halua kwa siri.

Kwanza nilisema kwa utani. "Mama, halua ya nani hiyo unayojifichia chini ya mto?" Akacheka. Wiki mbili baadaye sikuwa natania tena. Nilifungua kasha lake la nguo mbele yake, nikapekua kanga moja moja nikitafuta halua na tende. Yeye alikaa kitandani, mikono mapajani, ananitazama mtoto aliyemzaa anavyompekua. Sikupata kitu zaidi ya udi na barua za marehemu baba. Nikasema basi atakuwa anakula kwa majirani. Hilo pia hakulijibu, na mimi nikalichukua kuwa ni kukiri.

Kidonda kilianza kwa kandambili. Kamba ilimkwaruza kati ya kidole gumba na cha pili, mkwaruzo ambao kwangu ungepona kwa siku tatu. Wake haukupona. Alikipaka mafuta ya nazi na manjano, akakifunga kitambaa, akakificha chini ya buibui. Niliijua habari hiyo kwa pua kabla ya macho. Nilikuwa nimetoka kuchukua maji ya birika, nikapita karibu naye, nikasimama. Nikamwinua mguu. Kidole gumba kilikuwa cheusi.

Hospitali tulikaa kwenye benchi refu tangu alfajiri. Kando yetu alikuwa mama mmoja wa makamo aliyetoka Ganze, ametembea gizani mpaka barabarani ndipo akapata gari. Naye alikuwa na sukari, naye alikuwa akijidunga. Mama alimuuliza, kwa huruma, "Na kwenu umeme mnao?"

"Umeme?" yule mama alicheka. "Kwetu hata maji twanunua kwa dumu. Dawa yangu naiweka kwenye chungu, mwenzangu. Chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga, na mchanga naumwagia maji asubuhi na jioni. Muuguzi ndiye aliyenifunza." Akanyoosha miguu yake mbele yetu, mikavu, imepasuka visigino, mizima yote miwili. "Mwaka wa saba huu," akasema.

Mama alimwombea dua. Mimi nilikuwa natazama simu yangu, kuna kazi ilikuwa imekuja.

Muuguzi aliyetupokea alikuwa mwanamke mtulivu, mwenye umri wa kuwa dadangu mkubwa. Alikifungua kidonda, hakukunja uso, akakifunika tena. Kisha akaomba dawa tunayoitumia. Nilikuwa nimeibeba na kikombe chake cha kauri. Akakizungusha kichupa baina ya viganja, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akanionyesha. Ndani mlikuwa na chembechembe nyeupe zinazoelea, kama maziwa yaliyokatika.

"Hii imeganda," alisema. "Imeganda ikayeyuka, ikaganda tena. Si mara moja. Hii si dawa tena, ni maji. Mwaiweka wapi?"

"Kwenye friji," nikamjibu kwa haraka, nikiwa tayari kugombana. "Rafu ya katikati, kila siku."

"Si ya katikati," mama akasema.

Nikamgeukia. Uso wake, pamoja na homa aliyokuwa nayo, ulikuwa na haya kidogo na fahari kidogo, kama mtu aliyefumaniwa akifanya wema.

"Friji naizima asubuhi mwanangu akianza kazi," alimweleza muuguzi. "Kompyuta yake yala yuniti nne, na pesa zatoka kwa nduguye, yuko mbali, hata Idi hakuja. Hivyo viwili haviwezi kula pamoja. Basi mchana nampisha. Jioni akimaliza naiwasha, naizungusha mpaka mwisho ili ilipe baridi ya mchana, na dawa naisogeza juu, pale penye barafu, iwahi kupoa. Akiba haiozi, mwanangu."

Muuguzi alikiweka kichupa mezani taratibu. Kisha akatwambia, kwa sauti ya mtu anayejua kwamba analosema limechelewa, kwamba dawa hiyo adui yake mkubwa ni kuganda, na kwamba kwa joto letu hili, kichupa kilichofunguliwa kingekaa salama hata kwenye ubaridi wa mtungi wa maji.

"Mtungi tunao," mama alisema.

Walimlaza siku hiyo hiyo. Mimi nilitumwa nyumbani kuleta kanga, kikombe, sabuni. Nilifika saa nne asubuhi, nyumba tupu, mkeka umekunjwa. Nilipaswa kuchukua vitu nikarudi. Badala yake nilizima kila kitu ndani ya nyumba, nikachomoa hadi chaja ya simu, nikawasha kompyuta peke yake, nikaja kukaa sakafuni mbele ya mita.

Kuna taa ndogo nyekundu kwenye mita, na chini yake pameandikwa kwamba ikimweka, yaani ikiwaka na kuzima, mara elfu moja umetumia yuniti moja. Yameandikwa hapo tangu siku walipoifunga. Nilihesabu kwa tasbihi ya mama. Taa ilimweka, nikasogeza punje. Nikangoja. Nilidhani imeharibika, kisha ikamweka tena. Dakika nzima ilipita na imemweka mara moja na kidogo. Nilikaa saa nzima hapo chini, na saa ilipotimia nilikuwa na punje sabini na nane.

Sabini na nane kwa saa. Kwa saa zangu tisa haifiki hata mia nane. Kompyuta yangu, pamoja na skrini yake na feni yake ya kukwaruza, ilikuwa ikila chini ya yuniti moja kwa siku nzima. Kwa pesa ni kama shilingi ishirini, bei ya andazi na kikombe cha chai.

Nikaizima, nikachomeka birika. Taa ikamweka mfululizo, mara thelathini na kitu kwa dakika, sikuweza kusogeza punje kwa kasi hiyo. Birika langu la kahawa, ambalo nilikuwa nikilichemsha mara sita kwa siku, lilikuwa likila kuliko kompyuta. Kisha nikalichomoa, nikaingia chumbani kwa mama nikawasha friji. Ikanguruma, taa ya mita ikamweka kama mara mbili kwa dakika, ikapumzika, ikanguruma tena. Kwa saa ilikaribiana na kompyuta. Alipoizima mchana aliokoa kitu cha shilingi kumi na kitu, na usiku alipoizungusha mpaka mwisho ilizila zote ikijitahidi kurudisha ubaridi. Hakuokoa hata senti. Nilirudia hesabu hiyo mara mbili kwa sababu nilitaka angalau awe ameokoa kitu.

Nililia pale sakafuni kwa sauti, na kwa mara ya kwanza tangu nirudi kwa mama sikuwa na mtu wa kumkasirikia. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nilichuma nikamwachia mamangu ale peke yake.

Walikata kidole, na wiki iliyofuata wakakata mguu chini ya goti. Kabla ya kumwingiza, mama alimwomba daktari msamaha kwa kumsumbua. Kaka alituma pesa ya hospitali, alikopa kwa wenziwe huko aliko, akanipigia akilia, akaniuliza ilikuwaje sukari ikapanda hivyo na dawa alikuwa nayo. Nikamwambia dawa iliharibika na joto. Hilo nalo lilikuwa uongo, wa kusitiri uongo wa kwanza.

Mama alirudi nyumbani mwepesi sana. Kiti cha wagonjwa tuliahidiwa na hakikuja, kwa hivyo nilimkalisha kwenye kiti changu cha ofisi. Sakafu yetu ni laini, magurudumu yanazunguka vizuri. Nikamsukuma kutoka chumbani hadi ukumbini, ukumbini hadi uani apate upepo, na yeye akakisifu kiti, akasema kina mgongo mzuri, akaniuliza nilikinunua pesa ngapi. Nikamwambia nimesahau. Dawa yake mpya ilikuwa mtungini, ndani ya chupa ya plastiki yenye kifuniko, inaelea juu ya maji. Kila nilipoitoa niliifuta kwa ncha ya kanga kabla ya kumpa.

Mwezi mzima ulipita hivyo. Nilikuwa nafanya kazi masikio wazi, kisikizi kimoja tu, cha pili nimekiachia nyumba. Yeye aliendelea kuniuliza, kila asubuhi, kama friji imezimwa. Nilimjibu haina haja. Akasema, "Haya," lakini niliona macho yake yanakwenda kwenye mita.

Asubuhi moja nilimkalisha uani kivulini, nikachuchumaa mbele yake, nikamwambia. Sikupanga maneno. "Mama, ile kompyuta haili yuniti nne."

"Yala ngapi?"

"Haifiki moja."

"Kwa saa?"

"Kwa siku, Mama. Siku nzima."

"Ni pesa ngapi hizo?"

"Shilingi ishirini."

Nilimweleza yaliyobaki. Kiti, mtandao, yuniti nilizonunua kidogo ili pesa ya kaka ibaki. Mkono wake ulishuka ukagusa pale kanga ilipokuwa bapa, pasipo na mguu, ukakaa hapo. Nilikuwa nangoja anilaani. Nilikuwa nangoja aseme kwamba radhi zake sina, na nilikuwa tayari kuondoka na neno hilo maisha yangu yote, maana lingekuwa la haki.

"Nduguyo ajua?" aliniuliza.

"Hajui."

Akatikisa kichwa, si kwa kukubali wala kukataa. "Nirudishe ndani," akasema. "Jua lanifikia."

Siku tatu hakunisemesha zaidi ya salamu na haja zake. Alikula nilichompikia, alijidunga mwenyewe, alisali ameketi. Ya nne ilikuwa Ijumaa. Simu ikalia baada ya swala, nikaiweka mezani, sauti juu, mama yuko kwenye kiti kile. Kaka akasalimu, akamuuliza mama maumivu yamepungua, mama akasema alhamdulillahi. Kisha kaka akakohoa kidogo, kwa haya.

"Dadangu, mambo yamenibana huku, nina lile deni la hospitali. Nilitaka kukuuliza tu. Hiyo kompyuta bado yala zile nne?"

Nilifungua mdomo. Niliapa jana yake kwamba akiuliza nitasema. Mama akaunyoosha mkono, akaichukua simu mezani, akaisogeza karibu na midomo yake.

"Nne, mwanangu," alimwambia. "Kuna siku hufika tano."

Kisha akanirudishia simu bila kunitazama.